Watoto Wawili Wasioingia Hesabuni

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Nalisema hilo bila haya, kwa sababu wengi walioniona nikiondoka Kampala na begi la turubai wamekwisha kufa au kutawanyika, na nikinyamaza mimi, atakayenisemea ni nani? Huko Uingereza niliosha masufuria, nikabeba matofali, nikasoma jioni macho yakiniwaka, na nikarudi na diploma ya ufundi wa mitambo ya baridi. Sikuinunua, wala haikunijia kwa posta kama za baadhi ya watu ninaowajua. Ukoo wetu uliingia Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani, na tangu siku hizo hadi kwa marehemu baba, muuza kanga na mafuta ya taa, hakuna aliyewahi kumiliki kitu kinachotumia umeme zaidi ya taa ya sebuleni. Mimi nilijua kumgandisha ng'ombe mzima.

Nilirudi wakati wenzangu wanatoka. Ilikuwa miaka ya serikali ya kijeshi. Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na mafundi wao wa friji wameondoka nao. Maduka na mahoteli waliyoyaacha yaligawiwa watu ambao hawakujua kwamba friji nayo huugua. Basi wakanitafuta. Niliweza kusimama nje ya chumba cha baridi, nikausikiliza mtambo unavyokohoa, nikataja ugonjwa wake kabla sijafungua begi la vifaa. Mtaani Lubaga, nilikopanga nyumba ya matofali yenye migomba michache nyuma, waliniita Fundi. Niliwasahihisha mara nyingi kwamba mwenye diploma si fundi tu, kisha nikachoka.

Uchovu ndio ninaoukumbuka kuliko hofu. Watu wa nje wakiniuliza habari za miaka ile hutaka kusikia juu ya bunduki, na bunduki zilikuwapo. Lakini kilichotumaliza kila siku kilikuwa foleni ya chumvi, foleni ya sabuni, na foleni ambayo hata waliokuwa mbele hawakujua mwishoni kunauzwa nini. Shilingi ilikuwa imechoka kuliko sisi. Mshahara uliopokea asubuhi uliweza kukunyima mkate jioni. Kwa hiyo wateja wangu wakubwa, wenye mabohari ya nyama na wakuu wa mabwalo ya maofisa, walinilipa kwa sukari: gunia kila mwezi, na mara nyingine katoni ya sabuni juu yake. Mwenye sukari alikuwa tajiri. Ilileta karo, ilileta viatu, ilileta nyama. Na hakuna aliyenipa gunia lile kwa ajili ya ukoo wala cheo. Nililipata kwa kichwa changu.

Gunia hilo ndilo tulilogombania.

Mke wangu wa kwanza ni binti wa Kinubi wa Kawempe, mjukuu wa askari walioletwa zamani na Waingereza kutoka Sudani. Tulioana kabla sijasafiri, na tuliachana baada ya kurudi kwangu, kwa talaka ya amani, mbele ya wazee, bila kutupiana vyombo. Yeye alisema nimerudi na maringo, nami nikasema amebaki na ulimi, na nadhani wote wawili tulisema kweli. Watoto wetu watatu walikaa naye. Wazee walipanga kiasi cha matunzo, nami nikakilipa kila mwezi bila kukumbushwa. Kisha shilingi ikafa, na kile kiasi kikawa hakitoshi hata nguo za shule.

Wakati huo nilikuwa nimeoa tena. Mke wangu wa pili ni Muganda, Mwislamu, mpole wa sauti lakini si mpole wa moyo. Nilimwoa akiwa na watoto wawili, msichana wa miaka kama tisa na mdogo wake wa kiume, kisha mimi naye tukajaliwa mmoja. Mume wake wa kwanza alikuwa dereva wa lori la kahawa. Siku moja lori lilirudi likiendeshwa na mtu mwingine, na yeye hakurudi. Hakuna aliyeambiwa kitu. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

Shehe aliyetuozesha alilitatua jambo lile kwa namna ambayo hadi leo naiheshimu. Alimhesabia mama yule muda wa kumngoja mume aliyepotea, kama vitabu vya dini vinavyoelekeza, akamhesabia na eda juu yake, kisha akatuozesha. Kwamba dereva amekufa au yu hai, shehe alimwachia Mungu. Dini ilikuwa na mahali pa kumweka mtu aliyepotea.

Watoto wale wawili hawakuniita baba. Waliniita Fundi, kama mtaa mzima. Sikudai zaidi. Walikula walichokula wote, walivaa nilichonunua, na nilipowasikia usiku wakikohoa niliamka kama ninavyoamkia mtambo.

Siku mke wa kwanza alipokuja Lubaga, alikataa kuketi. Alisimama uani, akatoa bulungutu la noti kwenye kanga yake na kuliweka juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Bwana Diploma," alisema, maana tangu tuachane hakuniita jina jingine, "pesa zako hizo. Zitie kwenye friji zisioze."

"Ndizo tulizokubaliana mbele ya wazee."

"Wazee walikubaliana juu ya pesa. Haya ni majani ya mgomba. Mimi nataka sukari."

"Mama watoto, sukari hiyo ina vinywa vingi. Hapa nyumbani pana watoto watatu."

"Mmoja."

"Watatu."

"Mmoja ndiye wako. Wale wawili uliwakuta pamoja na vyombo."

Mke wangu wa pili alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Alisikia kila neno. Aligeuka akaingia ndani, na muda si mrefu nikasikia kinu kikitwangwa, ingawa najua siku ile hatukuwa na cha kutwanga isipokuwa chumvi ya mawe.

Mke wa kwanza alinipeleka kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Sikuogopa. Hesabu ilikuwa upande wangu. Niliona ni jambo la wazi kwa mtu yeyote aliyepita shule: mkate ukiwa mmoja na walaji wakaongezeka, kipande cha kila mmoja hupungua. Nyumba mpya ni nyumba. Tumbo la mtoto wa kambo halijui kwamba ni la kambo.

Mkuu wa ofisi ile alikuwa sajini. Zamani zile askari waliwekwa kusimamia kila kitu, viwanda, wilaya, mashirika, na huyu alikuwa ameangukiwa na ustawi wa jamii, akauchukua kama mtu aliyepewa kulinda kuku. Mezani kwake palikuwa na karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye gazeti. Alikula huku akitusikiliza, na Kiswahili chake cha kambini kiliniumiza masikio, lakini hakuwa mjinga.

"Wewe nalipwa sukari?" aliniuliza.

"Ndiyo, afande. Kwa ujuzi."

"Ujuzi hapana kulamba. Gunia ngapi?"

"Moja kwa mwezi."

"Nusu ya mwenye kazi. Nusu ya watoto. Watoto ngapi?"

"Sita, afande. Watatu Kawempe, watatu Lubaga."

Akahesabu karanga sita, akazipanga juu ya meza, tatu huku, tatu kule. Nilitabasamu. Ndiyo hesabu yenyewe niliyokuja nayo: fungu la watoto ligawanywe sawa, nusu iende Kawempe, nusu ibaki Lubaga.

Mke wa kwanza akanyoosha kidole. "Afande, ndugu yangu, toa mbili hapo. Hizo si zake. Wanangu watakunywa chai chungu kwa sababu mtu mwingine aliacha watoto?"

Sajini akaziangalia karanga. "Hii mbili, baba yao iko wapi?"

"Amepotea," nilisema.

"Kupotea wapi? Sokoni?"

Karani wake akacheka, kisha akaacha ghafla na kuanza kutafuta kitu kwenye droo ya meza.

"Mimi najua mutu ya namna mbili," sajini aliendelea. "Mutu iko hai, mutu imekufa. Kama iko hai, yeye nalisha watoto yake. Kama imekufa, ukoo yake nalisha. Hii ya kwako iko hai ama imekufa?"

Watu waliokuwa kwenye benchi nyuma yetu, waliokuja na mashauri yao, wakainamisha macho kama watu walio msikitini. Kusema yu hai ilikuwa uongo ambao hata sajini angeucheka. Kusema amekufa ilikuwa kumwambia askari, mbele ya karani wake, kwamba kuna mtu ameuawa, na baada ya hapo lingefuata swali la nani. Mimi, niliyejibu mitihani kwa lugha ya watu mbele ya walimu wa watu, nikabaki nikizitazama zile karanga.

Nadhani sajini naye aliliona lile swali la pili likija, maana alinyoosha mkono wake haraka. "Basi. Hapana jibu. Mimi hapana uliza." Akazichukua karanga mbili, akaziweka peke yake kwenye kizingiti cha dirisha. "Hizi nangoja. Wewe naleta neno ya ukoo yao: hii watoto iko ya nani. Ukoo nasema ni yako, mimi naandika sita. Ukoo hapana sema, naandika nne."

Maana yake ilikuwa rahisi. Kwa wanne, robo tatu ya fungu la watoto ingekwenda Kawempe, na robo moja iliyobaki, ya mtoto wangu anayenyonya, ndiyo ambayo watoto watatu wa Lubaga wangegawana.

Kaka mkubwa wa yule dereva alikuwa na karakana Katwe. Alikata mapipa na kuyageuza majiko. Nilimkuta katikati ya makelele ya nyundo, hata tukalazimika kuzungumza karibu karibu kama wapenzi. Nilimpelekea kilo moja ya sukari, akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru vizuri, na nilipomweleza shida yangu akairudisha juu ya benchi, katikati yetu.

"Ssebo," alisema, yaani bwana kwa lugha yao, "unataka niende kwa askari niseme watoto wa ndugu yangu ni wako?"

"Kwa ajili ya mgawo tu."

"Na ndugu yangu nimseme ni nini?"

"Shehe amesema amepotea."

"Shehe ni wa Mungu. Sisi tuko na desturi yetu." Akapangusa uso kwa mkono wenye masizi. "Mama yetu bado anafua shati lake. Kila juma analitoa, analifua, analianika. Ukimuuliza anasema likikaa litanuka ukungu, yeye akirudi atavaa nini? Sasa mimi niende niseme watoto wamepewa mtu mwingine na serikali? Mama akisikia, atajua nimemzika."

Nimeishi na Waganda maisha yangu yote, lakini mambo yao ya msiba nilikuwa nikiyatazama kwa mbali, kama jirani anavyoitazama harusi ya jirani. Kwao, hata kwa walio Waislamu, kumzika mtu hakumalizi kifo chake. Huja siku nyingine, pengine baada ya miezi, pengine miaka, ukoo unapokusanyika kuumaliza msiba, wao husema okwabya olumbe. Siku hiyo mrithi hufungwa nguo ya gome la mti begani, na watoto wa marehemu hutajiwa mlezi kutoka ukoo wa baba yao, anayeitwa mukuza. Kabla ya siku hiyo hakuna mrithi na hakuna mlezi. Na siku hiyo haiwezi kuwako bila kifo kilichokubaliwa. Watoto wale wawili walikuwa wamekwama hapo. Baba yao hakuwa hai wa kuwalisha, wala hakuwa amekufa wa kuwapatia mlezi.

"Lakini sasa umeshaenda," yule kaka alisema. "Umeshasema mbele ya afisi. Maneno yametoka. Nitawaambia wakubwa."

Wakaja Jumapili mchana: yeye, mzee mmoja wa ukoo aliyevaa kanzu na koti, na shangazi wa dereva, mama mnene mwenye mkoba wa ngozi ambaye hakuuachia hata alipokunywa chai. Chai ilikuwa na sukari. Hilo nilihakikisha. Mke wangu alipiga magoti kuwasalimu, kama ilivyo heshima kwao, akabaki hapo hapo chini.

Mzee alizungumza kwa upole kabisa, na ndiyo sababu sikuelewa upesi kwamba anachukua watoto. Alisema ukoo umefikiri. Kwa kuwa jambo limefika serikalini, afadhali msiba umalizwe kijijini, kimyakimya, uitwe dua ya babu yao ili askari wasiulize ni msiba wa nani. Kaka atatajwa mlezi. Watoto, shule zikifungwa, watakwenda kijijini kwa bibi yao, upande wa Masaka. Fundi atapumzika.

"Nawe hutadaiwa tena kwa ajili yao," aliniambia. "Umewalea vizuri. Tunakushukuru."

Nilifanya hesabu palepale, maana ndivyo nilivyo. Watoto wawili wakiondoka, fungu la mtoto wangu lingekuwa lake peke yake. Kawempe wangepata robo tatu yao na kunyamaza. Sajini angekula karanga zake. Kwa hesabu, hakuna ambaye angepungukiwa. Sijawahi kuona hesabu iliyokaa sawa kuliko ile.

"Na mimi?" mke wangu aliuliza.

"Wewe utakaa mkekani siku hiyo," shangazi alisema. "Mjane lazima akae. Saa chache tu, mwanangu."

"Nikae mkekani kama mjane wa nani, nami ni mke wa mtu?"

"Ni desturi tu."

"Na huyu ninayemnyonyesha nitamweka wapi, Ssenga? Juu ya mkeka, au nje ya mkeka?"

Shangazi akaufungua mkoba wake, akaufunga. Mke wangu alikuwa bado amepiga magoti, macho chini, sauti ileile ya heshima. Kisha akageukia upande wangu bila kuniangalia. "Nilikaa kimya wakati wa kuchukuliwa baba yao. Hawa sitakaa kimya."

Baadaye, jikoni, hakunilaumu kama nilivyotarajia. Alisema tu, "Wewe na kugawa kwako," akaendelea kumenya matoke.

Watu hudhani niliamua kwa huruma. Mke wangu mwenyewe husema hivyo, na namwachia. Lakini mimi najua nilichokisikia moyoni wakati yule mzee ananishukuru. Nilisikia aibu. Nilivuka bahari, nikaosha vyombo vya watu, nikarudi na diploma, niko na gunia la sukari kila mwezi katika mji ambao mawaziri wanaombana chumvi, halafu watu wanakuja nyumbani kwangu, wananywa chai yangu, wananiambia kwa adabu kwamba nyumba hii haiwatoshi watoto wawili wembamba. La. Siku iliyofuata nilirudi Katwe.

"Nikiwatoa kwenye hesabu ya sajini," nilimuuliza yule kaka, "mtawaacha?"

Aliweka nyundo chini. Wenzake waliendelea kupiga mapipa.

"Ukiwatoa," alisema, "basi hakuna aliyesema kitu. Watoto wako kwa mama yao. Wanamngoja baba yao. Hapo hapana aibu, na Mama ataendelea na shati lake. Lakini ssebo, hutaweza kudai kwa mtu yeyote. Wakiugua, ni wewe. Karo, ni wewe. Sisi hatutakuwa na neno, kwa uzuri wala kwa ubaya."

"Sijawahi kudai kwa mtu yeyote," nilimwambia, na hiyo ilikuwa kweli.

Siku niliporudi kwa sajini, mke wangu alikuwa kwenye foleni ya chumvi tangu asubuhi, kwa hiyo msichana alikuja nami kumbeba mdogo wake anayenyonya, maana mtoto alikuwa na homa na sikutaka kumwacha nyumbani. Nilimwambia akae nje kivulini, chini ya dirisha. Ndani, karanga mbili zilikuwa zimebaki palepale kwenye kizingiti, au pengine zilikuwa nyingine, sijui.

"Neno ya ukoo iko wapi?" sajini aliuliza.

"Hakuna neno, afande. Andika wanne."

Mke wa kwanza, aliyekuwa amekuja tayari kwa vita, akaniangalia kama mtu aliyesukuma mlango akakuta haujafungwa.

"Wanne?" alisema.

"Watatu wako, mmoja wa Lubaga."

Sajini akainamia meza. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Na hii mbili? Iko nyumbani kwako? Nakula kwako?"

Karani alikuwa ameshika kalamu. Nikasema jibu pekee ambalo halikumzika mtu wala kumfufua, na nikalisema kwa sauti, ili lisikike limesemwa bila wasiwasi.

"Wageni, afande."

"Wageni," alirudia sajini. Akazichukua zile karanga, akazifikicha maganda, akazitia kinywani. "Mugeni hapana mgawo. Nne. Robo tatu Kawempe. Imekwisha. Mutu ingine!"

Mke wa kwanza alinifuata hadi kwenye ngazi. Nilidhani atashangilia.

"Wageni, Bwana Diploma! Watakula nini hao wageni wako?"

"Watakula."

"Mimi si mchawi, unasikia? Sikusema wafe njaa. Nilisema wangu kwanza." Alijifunga kanga upya, kwa hasira, kana kwamba ni mimi niliyeshinda. "Wangu wana meno mabovu na viatu vya mwaka juzi. Wewe ukitaka kuwa mkubwa wa watoto wa mji mzima, kuwa. Lakini usiukate ukubwa wako kwenye kikombe cha wanangu."

Alikuwa na haki yake, na robo tatu yake, na nilikuwa nimechoka. Nilipotoka nje msichana alikuwa amesimama chini ya dirisha, mtoto mgongoni, akimbembeleza. Tukapanda kilima kurudi nyumbani. Njiani alitembea nyuma yangu kwa hatua chache, nami nikadhani ni uzito wa mtoto.

Kuanzia mwezi ule nilifanya kazi Jumapili na sikukuu. Nilikwenda hata kwa watu ambao zamani nisingeitikia wito wao, wenye vibanda vya soda, wenye friji moja ya mafuta ya taa, nikalipwa mayai, nikalipwa mihogo. Niliuza koti langu zito la Uingereza. Mimi na mke wangu tukazoea chai chungu, na mgeni akija tulisema daktari amekataza sukari. Watoto watatu wa Lubaga waligawana fungu la mmoja, na hawakulala njaa. Waulizeni. Wa Kawempe walipelekewa chao tarehe ileile, nami nilikibeba mwenyewe begani.

Asubuhi moja, siku chache baada ya hukumu, nilikuwa nikitafuta begi la vifaa nikasikia jembe nyuma ya nyumba. Msichana alikuwa katikati ya migomba, na sare ya shule ameiviringisha kiunoni, analima. Alikuwa ameanza zamani, maana udongo mweusi ulikuwa umefika hadi ukutani. Viganja vyake vilikuwa vimeshachubuka.

"Nani amekutuma?" nilimuuliza.

"Hakuna."

"Basi kwa nini unalima? Kuna mtu wa kulima."

Hakuniangalia. Aliling'oa gugu, akalikung'uta udongo kwa makini. "Bibi mkubwa," alisema, akimaanisha shangazi yangu aliyekuwa akija kila Ijumaa na methali zake za pwani, "amesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hamkunipa, nikalichukua."

Ng'ambo ya ua jirani yetu alikuwa akianika nguo, taratibu mno. Jirani yule alijulikana kwa masikio yake, na hatukujua masikio yale yalikuwa yakimfanyia nani kazi. Kulikuwa na maneno ya kumwambia mtoto, na niliyajua. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini kila neno miongoni mwayo lingemwambia jirani kwamba sikumwambia sajini kweli, na kweli ile ingerudi Katwe, kisha Masaka, kisha kwenye shati la yule bibi.

"Ulikuwa ukisikiliza dirishani," nilisema.

"Nilikuwa nambembeleza mtoto."

"Methali hiyo, anayeshikishwa jembe huwa bado ni mgeni?"

Nadhani lile hakuwa amelifikiria. Alisimama na mguu mmoja juu ya mwingine, jembe mkononi, akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kwa macho makavu ya mtu mzima anayepima bei.

"Siku ya tatu ilipita zamani," nilimwambia. "Malizia mpaka kwenye mgomba ule mfupi. Kisha unawe, unywe chai, uende shule."

"Ndiyo, Fundi."

Akaendelea kulima. Sijui alielewa nini, na sikuwa na nafasi ya kungoja kujua. Kwenye bwalo la maofisa chumba cha baridi kilikuwa kimezimika tangu usiku, nyama ilikuwa imeanza kunuka, na walikuwa wametuma gari.